Shajara ya mradi: kuondoa "for" isiyo na kazi baada ya "request" katika barua za Dodoma

Februari: mipaka ya kazi

Mradi unashughulikia jozi moja tu, kitenzi "request" na kihusishi "for". Kinachotakiwa kutoka ni karatasi moja ya kubandika ukutani, violezo vinne vya barua na seti moja ya mazoezi. Walengwa ni wachapaji wa steshenari za Dodoma mjini, watu wa masijala, na makatibu wa vyama vya ushirika wanaoandikia wafadhili na wanunuzi kwa Kiingereza.

Jozi moja tumeichagua kwa makusudi. Vitabu vya sarufi vina orodha ndefu za vitenzi na vihusishi vyake, na mtu anayechapa barua huku wateja wamejipanga nyuma yake hana muda wa kuzipitia. Dodoma ni mji wa maombi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitoka 1973, lakini wizara zilianza kuhamia kweli baada ya 2016, na tangu hapo kazi ya kuandika barua za kuomba nafasi za fildi (mafunzo ya vitendo ya wanafunzi maofisini), vibali, viwanja, ushauri na fedha imekuwa kubwa. Nyingi ni za Kiswahili, na hizo hazina tatizo hili. Tunaangalia zile zinazolazimika kwenda kwa Kiingereza: za wafadhili wa nje, za mashirika ya kimataifa, za vyuo, na nyaraka nyingi za ununuzi.

Kosa lenyewe ni hili: "We request for your assistance." Sahihi ni "We request your assistance." Kitenzi "request" kinashika kinachoombwa moja kwa moja, bila kitu katikati.

Mazungumzo hayamo kwenye mradi. "Request for" kama kitenzi inasikika Afrika Mashariki nzima, Nigeria na India pia, na watu wanaelewana vizuri. Barua ni suala lingine. Msomaji wa andiko la mradi hamwoni mwandishi wala hamsikii. Ana maandishi tu ya kumpimia umakini, na kosa lililokaa kwenye sentensi ya kwanza ya ombi linamfikia kabla hajajua ombi ni la nini.

Februari mwishoni: kosa linatoka wapi

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza. Kwa jozi hii si kweli, na inafaa lisemwe waziwazi, kwa sababu linabadilisha namna ya kufundisha. Kiswahili kinasema "tunaomba ruhusa". Hakuna kihusishi hapo. Anayetafsiri neno kwa neno angeandika "we request permission" na angekuwa amepatia. Hiyo "for" imeokotwa ndani ya Kiingereza chenyewe, na tumeona milango mitatu inayoipitisha.

Mlango mkubwa ni kichwa cha barua. Barua rasmi ya Kiswahili ina mstari wa "YAH: MAOMBI YA RUHUSA". Ya Kiingereza inaandikwa "RE: REQUEST FOR PERMISSION", na kichwa hicho ni sahihi kabisa, kwa kuwa "request" hapo ni nomino. Mchapaji akimaliza kichwa anashuka kwenye aya ya kwanza, jicho bado liko juu, anaandika "I hereby request for permission". Ameshusha nomino na kihusishi chake, kisha akaitumia kama kitenzi. Neno halikubadilika umbo hata kidogo, ndiyo maana hakuna kinachomshtua. Ukichukua barua yenye kosa hili, anza kusoma kichwa. Mara nyingi utakuta aya ya kwanza imekirudia kilivyo.

Mlango wa pili ni "ask for", ambayo mwanafunzi anakutana nayo mapema kuliko "request". Wa tatu ni "apply for", ya maombi ya kazi na ya vyuo. Zote mbili zinataka "for": "We ask for your assistance", "I apply for the post". Sisi tuna kitenzi kimoja, kuomba, kinachobeba kazi za vyote vitatu, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba vitatu hivyo vinaendeshwa kwa kanuni moja. Viwili vinachukua "for", kimoja hakichukui.

"Apply" ina la ziada: kinachoombwa kinafuata "for", anayeombwa anafuata "to". "I applied to the district council for a permit." Kwa "request" anayeombwa anakuja na "from": "We request a quotation from your company."

Machi: kipimo cha "ombi la" na "tunaomba"

Hapa ndipo mradi ulipopata mguu wa kusimamia. Kiswahili kinatenganisha nomino na kitenzi mahali palepale ambapo Kiingereza kinatenganisha, ila chetu kinaonekana kwa macho. Nomino inataka neno la kuunganisha: ombi LA ruhusa. Kitenzi hakitaki: tunaomba ruhusa. Kwa hiyo, ukifika kwenye neno "request", lisome kwa Kiswahili.

Ukisoma "ombi la", acha "for". "Our request for seedlings was approved" ni "ombi letu la miche lilikubaliwa". Hapo "for" inafanya kazi ya "la", ukiitoa sentensi inavunjika.

Ukisoma "tunaomba", "niliomba" au "wameomba", toa "for". "We request for 500 seedlings" ni "tunaomba miche 500". Hakuna "la", kwa hiyo hakuna "for".

Kipimo hiki hakimtaki mtu ajue neno "nomino" wala "kitenzi". Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya zabibu aliyesahau sarufi ya sekondari zamani anaweza kukitumia, kwa kuwa hakuna Mswahili anayekosea kati ya "ombi la miche" na "tunaomba miche". Ujuzi anao tayari, tunauhamisha tu.

Maneno yanayotangulia yanasaidia pia. "A", "the", "our", "your", "this" au "any" mbele ya "request" ni dalili ya nomino. "I", "we", "they", "to", "hereby", "would like to" ni dalili ya kitenzi. Tulifikiria kuweka orodha hiyo kwenye karatasi ya ukutani, tukaiacha kwenye maelezo ya ziada. Kipimo cha Kiswahili kinafika haraka zaidi, na orodha inateleza pale maneno yanapoingia katikati, kama "we, the members of this cooperative, humbly request".

Machi katikati: pale "for" inapobaki baada ya kitenzi

Kanuni ya "kitenzi hakina for" ikiandikwa kavukavu inaleta kosa jipya. Angalia sentensi hizi tatu, zote sahihi:

"The vehicle requested for Friday has broken down."
"The documents requested for the audit are attached."
"We request 40 desks for our school."

"For" ya hapa haishiki kinachoombwa. Inaonyesha siku au kusudi, yaani "kwa ajili ya". Kipimo cha pili kikazaliwa: soma "for" kama "kwa ajili ya". "Nyaraka zilizoombwa kwa ajili ya ukaguzi" inaeleweka, "for" inabaki. "Tunaomba kwa ajili ya msaada wako" haieleweki, "for" inatoka. Kwenye mfano wa madawati, "for" imekuja baada ya kinachoombwa kutajwa. Ikikaa hapo haina tatizo.

Kauli ya kutendwa, pamoja na sentensi za "which you requested", ndizo zinazowachanganya hata waandishi wazoefu, kwa sababu kinachoombwa kimehamia mbele na "for" inaning'inia peke yake:

"The amount requested for is 4 million shillings." Iwe "The amount requested is 4 million shillings."
"As requested for in your letter, ..." Iwe "As requested in your letter, ..."
"The information which you requested for is attached." Iwe "The information you requested is attached."

Dawa ni kuirudisha sentensi kwenye hali ya kawaida. You requested what? The information. Hakuna "for" njiani. Ukiweka "ask" badala yake, inarudi: "the information you asked for" ni sahihi, na "for" hiyo usiiguse. Mhariri anayebadilisha "ask" kuwa "request" ili barua iwe rasmi zaidi lazima afute na "for" kwa mkono uleule. Anayefanya kinyume, kutoka "request" kwenda "ask", lazima aiongeze.

Mwisho wa Machi: kutafuta kosa kwenye kompyuta

Utaratibu tuliokubaliana kwa Word ni huu. Barua ikishakamilika, bonyeza Ctrl na F, andika "request" peke yake. Usiandike "request for". Ukiandika maneno mawili utakosa palipo na nafasi mbili kati yake, na pale neno jingine lilipoingia, kama "request you for". "Request" peke yake inaibua pia "requests", "requested" na "requesting", na kidirisha cha pembeni kinaonyesha kila moja na maneno yake ya jirani. Barua ya ukurasa mmoja haina zaidi ya chache. Unazipitia kwa vipimo viwili na umemaliza.

Kitu kimoja kimepigwa marufuku kwenye maelekezo: kubadilisha zote kwa mpigo. Mtu akiamuru "request for" yote igeuke "request", kichwa cha barua kinaharibika, na kwenye hati za ununuzi "Request for Quotations" na "Request for Proposals" zinageuka takataka. Hayo ni majina ya nyaraka. Hayaguswi.

Msahihisho wa papo kwa papo wa Word unaweza kusaidia kwa umbo moja. "Requesting for" iwekwe igeuke "requesting", kwa kuwa umbo hilo karibu kila mara ni kosa. Njia yake ni File, Options, Proofing, kisha AutoCorrect Options. Usiweke "requested for", maana itaharibu "the vehicle requested for Friday". "Request for" usiiweke kabisa.

Mstari mwekundu wa tahajia usitegemewe. "Request" imeandikwa sawa, "for" imeandikwa sawa. Kilichoharibika ni kukaa pamoja.

Aprili: violezo

Vinne vimeshaandikwa: kuomba nafasi ya fildi, kuomba bei kwa muuzaji, kuomba fedha za mradi mdogo, kuomba kuongezewa muda. Cha fildi kimepewa uzito kwa sababu ndicho kitakachotumika zaidi wanafunzi watakapoanza kusaka nafasi maofisini. Aya ya kawaida ilivyo mitaani ni ya namna hii:

"RE: REQUEST FOR A FIELD PLACEMENT. I hereby request for a field placement in your office for eight weeks. I also request you for a place in the Accounts section. The placement I have requested for will help me to complete my studies."

Na iliyo kwenye kiolezo:

"RE: REQUEST FOR A FIELD PLACEMENT. I request a field placement in your office for eight weeks, starting in July. If possible, I would like to be attached to the Accounts section. The placement is a requirement of my degree course."

Kichwa hakikuguswa. "For" ya "for eight weeks" nayo imebaki, ni ya muda. "Request you for" imeondoka kabisa. Aliyetaka kumtaja anayeombwa angeandika "I request a place from you", lakini kwenye barua aliyeandikiwa anajulikana, hakuna haja. "Attached" inakwenda na "to", na hiyo imeingizwa kwenye kiolezo bila maelezo ili mtu aizoee kwa kuinakili. "Hereby" si kosa. Tumeitoa kwa sababu haiongezi kitu.

Kuhusu "I request you to send": kisarufi imekamilika, ila kwa masikio ya msomaji wa Uingereza au Marekani inakaribia amri. Adabu ya "naomba" haihamii yote kwenye "request". Kwenye violezo tumetumia "I would be grateful if you would send". Kwa maagizo ya vikao umbo la kutendwa linafaa: "Members are requested to attend". Na panapohitajika ukali wa kiofisi kuna "We request that the payment be made by 30 June". Kitenzi hapo ni "be made", si "is made". Hilo linakosewa karibu kama "for" yenyewe.

Aprili mwishoni: majirani wa "request"

Wachapaji waliopewa rasimu waliuliza kama kipimo kinafaa kwa maneno mengine. Kinafaa kwa kundi dogo, na kundi hilo linastahili karatasi yake baadaye.

"Lack" ndiyo ya kwanza kwa umuhimu huku kwetu, kwa sababu andiko la mradi la Kongwa, Bahi au Manyoni likikosa aya ya maji ni nadra. "The village lacks of water" ni kosa. Ukosefu WA maji ni "a lack of water". Kijiji kinakosa maji ni "the village lacks water". Kipimo kimesimama sawasawa.

"Discuss" na "emphasize" vivyo hivyo. Mjadala wa bajeti, "a discussion about the budget". Walijadili bajeti, "they discussed the budget". Mkazo juu ya usafi, "emphasis on hygiene". Alisisitiza usafi, "she emphasized hygiene". "Order" pia: oda ya chupa 300, "an order for 300 bottles", tuliagiza chupa 300, "we ordered 300 bottles". Kwa "demand" kuna tahadhari ya maana. "Demand for grapes is high" ni sahihi na ndiyo inayotakiwa kwenye ripoti ya zabibu. Ukiigeuza kuwa "buyers demand grapes" sarufi imekaa, lakini inasikika kama wanunuzi wanashinikiza. Baki na nomino.

Kinapofeli tumekiandikia wazi, kwa herufi kubwa. "Search", "hope" na "call" zinafanana na "request" kwa umbo, nomino na kitenzi ni neno moja, lakini vitenzi vyake vinabeba "for": "we searched for the file", "we hope for rain", "the report calls for repairs". Kwa Kiswahili unasema "tulitafuta faili", hakuna neno la kuunganisha, kwa hiyo kipimo kingekuambia uitoe na ungekosea. "Reply" nayo ni hivyo: tunajibu barua, lakini "we reply to a letter". Huko Kiswahili kweli kinapotosha, na "we have replied your letter" ni ushahidi wake. Anayetaka kitenzi kisicho na kihusishi atumie "answer": "we have answered your letter".

Kwa hiyo kipimo kinafanya kazi ndani ya orodha tu: request, lack, discuss, emphasize, order, demand. Nje ya orodha, fungua kamusi ya wanafunzi, tafuta kitenzi, usome sentensi za mfano, si maana peke yake. Kihusishi kinakaa kwenye mifano.

Mei: karatasi ya ukutani

Karatasi ni A4 iliyolazwa, maandishi meusi kwenye nyeupe, kichwa pointi 36, mifano isipungue 18. Rangi tumeziacha, printa nyingi za steshenari zinatoa nyeusi tu, na kopi ya kopi lazima isomeke. Ilaminishwe pande zote mbili, vumbi la Dodoma halisubiri. Mahali pake ni pembeni mwa skrini, usawa wa macho ya anayechapa. Ukutani nyuma ya mteja inakuwa pambo.

Mistari yake ni mitatu:

OMBI LA ruhusa = a request FOR permission
TUNAOMBA ruhusa = we request permission
TUNAOMBA ruhusa = we ask FOR / apply FOR permission

Chini, kwa herufi ndogo kidogo: "Soma for kama kwa ajili ya. Ikileta maana, iache." Rasimu iliyotangulia ilikuwa na alama ya X juu ya "request for" kwenye mstari wa pili. Imeondolewa. Jicho linashika kosa lililochorwa kwa nguvu kama linavyoshika usahihi, na mtu anayeangalia kwa nusu sekunde anaweza kuondoka na lile lenye X.

Seti ya mazoezi ina sentensi 20: saba za nomino, saba za kitenzi, tatu za kutendwa, tatu zenye "for" ya kusudi. Zimechanganywa, hazikupangwa kwa makundi, la sivyo mtu anajibu kwa mazoea ya kundi. Kila sentensi inatakiwa isomwe kwanza kwa Kiswahili kwa sauti, ndipo kalamu iguse karatasi. Anayekosea zile tatu zenye "for" ya kusudi arudie kipimo cha "kwa ajili ya" peke yake, asirudie seti nzima.

Bado kuna kiolezo cha kuomba fedha kinachosubiri kupitiwa na mtu wa uhasibu, kwa sababu "request" na "requisition" (ombi la ndani ya ofisi la fedha au vifaa) zinatumika kwa kupokezana kwenye fomu za ndani, na hatutaki kiolezo kigongane na fomu. Baada ya hapo jozi inayofuata ni "comply with". Tatizo lake ni kinyume cha hili: kihusishi kinadondoka kwenye kauli ya kutendwa, watu wanaandika "the regulations were not complied" na kuishia hapo.